Siyo Maneno Haya

Kuna watu ukiwaomba maji ya kunywa watakuchimbia kisima, na wakati wanachimba wewe koo limeshakauka. Waya alikuwa mmoja wao. Jina hilo la utani alipewa na baba yake tangu utotoni, kwa sababu kila redio iliyoingia nyumba ile ilipasuliwa tumbo kabla haijazoeleka, na hatimaye hata mama yake mzazi akasahau kumwita jina jingine. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa kompyuta katika ofisi ya bima, mwenye kipara kinachoanza na furushi la funguo kiunoni. Na baba yake alikuwa kitandani, hasemi.

Mzee huyo alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye chumba cha nyuma, chini ya taa ya mezani, akisoma vitabu na magazeti ya Kiingereza kabla hayajaingia mtamboni. Wenzake walimwita Kalamu Nyekundu, na hakuna aliyesalimika mikononi mwake. Mkurugenzi mwenyewe alipoleta hotuba yake ichapwe, ilirudi inavuja damu. Adui yake mkubwa alikuwa Kiingereza cha Wamarekani. Akikuta neno limeandikwa Kimarekani alilikata kwa mistari miwili, wa kwanza wa kazi na wa pili wa hasira.

Nyumbani nako alikuwa na kanuni yake, nayo haikuvunjwa hata mara moja: Kiswahili ni cha mdomo, Kiingereza ni cha mkono. Alichokisema alikisema kwa Kiswahili, tena kitamu, chenye utani na mafumbo ya kumchokoza mkewe. Alichokiandika alikiandika kwa Kiingereza, hata kikaratasi cha kumkumbusha Waya anunue balbu. Mkewe hakujua Kiingereza, kwa hiyo hakuwahi kuandikiwa chochote, na wala hakuona amepungukiwa.

"Mimi karatasi za nini?" alikuwa akisema. "Mwenyewe ninaye, na mdomo wake anao."

Kisha ukaja ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ulianzia kwenye ulimi. Mzee akawa anaburuta maneno, majirani wakanong'ona kwamba siku hizi anapitia kilabuni, na mkewe akagombana nao wawili watatu kabla hospitali haijasema ukweli. Baada ya ulimi ikafuata miguu, kisha mikono. Mwishowe yakabaki macho na kidole gumba cha mkono wa kulia. Macho waliyafanyia mpango: akiyafumba taratibu ni ndiyo, akiyakodoa ni hapana. Kwa njia hiyo mkewe alimuuliza habari za chai, za kugeuzwa ubavu na za dirisha, na mambo yakaenda.

Gumba walilifanyia mpango mwingine. Mtaalamu wa hospitali aliwapa kitufe kikubwa kama kifuniko cha chupa, kikafungwa kwa bendeji kidoleni. Waya akakiunganisha na kompyuta aliyoiweka juu ya meza ndogo miguuni pa kitanda. Kwenye kioo herufi zilijipanga, na mwanga ukawa unapita juu yake moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye herufi anayoitaka, Baba anabonyeza. Njia nzuri, ila polepole mno. Neno moja lilimmaliza nguvu za asubuhi nzima, na gumba likishachoka lilikuwa likibonyeza ovyo.

Dawa yake ni kuifanya kompyuta ibahatishe: ukitoa herufi mbili tatu, yenyewe imalizie neno. Lakini kompyuta ni jinga, haijui neno lolote mpaka ipewe orodha. Si kamusi yenye maana na mifano, bali faili kavu, neno moja kila mstari, kuanzia mwanzo wa alfabeti hadi mwisho. Orodha ya lugha gani? Swali hilo halikumpitia Waya hata kichwani. Baba alikuwa mtu wa mkono wa Kiingereza, na kilichobaki kwake kilikuwa mkono.

Orodha za Kiingereza zimejaa mtandaoni, za bure, kila anayejua kompyuta anaonekana kutengeneza yake. Waya alipakua ya kwanza aliyoikuta, akaiweka. Kisha akaongeza jambo moja la kifundi, na alijivunia sana: akaifunga programu isikubali neno lolote lisilokuwemo kwenye orodha. Gumba likiteleza, kosa linakataliwa palepale kwa mlio mdogo, mzee hapotezi nguvu kulifuta. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na sijui nani angemlaumu siku ile.

Na mwanzoni ilifanya kazi. Neno la kwanza aliloandika Baba lilikuwa mto, wakamwekea mto. La pili lilikuwa redio. Wakaiwasha, akakodoa macho, kumbe alitaka izimwe. Kesho yake alikitazama kikaratasi cha maelekezo ambacho Waya alikibandika ukutani, akabonyeza, akabonyeza, jasho likamtoka.

"Anasemaje?" mama aliuliza kutoka mlangoni, sinia mkononi.

"Anasema nimesahau nukta."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka ndani ya chumba kile, ingawa hakuna aliyejua.

Wiki ileile akafika Baba Mkubwa, kaka wa mgonjwa, mzee mrefu wa maneno machache. Alikaa kitandani, akamshika ndugu yake mguu kwa muda mrefu. Baadaye, sebuleni, alikitua kikombe chini na kumgeukia mama yake Waya.

"Shemeji, mambo haya hayasemeki. Lakini tusiposema leo, tutayagombania siku mbaya."

"Sema, shemeji."

"Atakapoondoka, atalala nyumbani. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

"Na zizi lake ni lipi?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole tu. "Hapa amekaa na mimi, amezaa, amejenga. Makaburi ya mjini yapo, mtu anaweza kwenda kila Jumapili kung'oa majani."

Baba Mkubwa akatazama sakafu. Lilikuwepo jambo ambalo wote sebuleni walilijua. Kabla ya mama huyu, Kalamu Nyekundu alikuwa na mke mwingine, msichana wa kwao, aliyekufa kabla hawajapata mtoto. Siku ya maziko yake, kijana yule aliyefiwa aliuonyesha udongo ulio kando ya kaburi akasema mbele ya ukoo mzima, "Hapa ni pangu." Nafasi ile ikaachwa, na ipo mpaka leo, imezungushiwa mawe.

"Alisema mwenyewe, shemeji," Baba Mkubwa alisema. "Mimi sina chuki na wewe, unajua. Akisema jingine kwa hiari yake, nitakuwa wa kwanza kulisimamia. Lakini kauli haifutwi ila kwa kauli."

Baba Mkubwa alipokwenda kujilaza, Waya alimfuata mama yake jikoni. Alimkuta anaosha kikombe kilekile kwa mara ya tatu.

"Mama, kwani kuna shida gani? Muulize Baba. Akifumba macho, yamekwisha."

"Nimuulizeje? 'Unataka kulala na mimi, au na yule?' Atafumba, mwanangu. Mbona hilo nalijua! Baba yako hajawahi kuniambia hapana usoni. Atanihurumia, atafumba macho, halafu mimi nikae miaka yangu iliyobaki nikijiuliza kama alitaka au alinionea huruma." Aliutikisa mkono kumwaga maji. "Sitaki kumwekea maneno mdomoni. Nataka aniambie yeye."

"Unamwonea wivu yule marehemu?"

"Nimwonee wivu wa nini mtu aliye chini ya udongo? Sikumwonea hata siku moja. Lakini sasa nakumbushwa kwamba alishaniwahi nafasi, tena mimi bado sijaolewa." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa.

Jumapili, baada ya chakula, alikivuta kiti karibu na kitanda, akaushika ule mkono usio na kitufe.

"Baba Waya. Ndugu yako anauliza utalala wapi siku ikifika. Mimi sikuulizi ndiyo wala hapana. Sema mwenyewe, kwa maneno yako. Nina siku nzima."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda, kisha akayahamishia macho kwenye kioo. Gumba likacheza. Zikaingia herufi, na kompyuta ikarukia kumalizia: karate. Mzee akakodoa macho. Akabonyeza tena, likatokea neno la Kiingereza la msumari. Baada ya hapo kila herufi aliyoitaka ilikataliwa, mlio juu ya mlio, mpaka mama akauliza kama mashine imeharibika. Mzee akapumzika. Alipoanza upya alikwenda kwa uangalifu mkubwa, na alipomaliza yalikuwepo maneno matatu safi ya Kiingereza, ambayo maana yake ni: siyo maneno haya.

Waya aliinama, akaifungua ile orodha na kuipitia kwa macho. Ghafla akapiga kofi paja lake.

"Ahaa! Baba, ni ya Kimarekani! Nisamehe. Nimekuwekea orodha ya Kimarekani." Alimgeukia mama yake. "Unamjua mwenyewe. Hawezi kuandika jambo zito kama hili kwa maneno ya watu aliogombana nao maisha yake yote. Baba, nikutafutie orodha nyingine?"

Mzee alifumba macho taratibu. Ndiyo. Na kwa kweli alichokitaka kilikuwa ni hicho, orodha nyingine.

"Basi mtafutie, mwanangu," mama alisema. "Upesi."

Upesi ndilo neno ambalo Waya hakulijua. Alipata orodha ya Kiingereza cha Waingereza, lakini akakuta imejaa majina ya kemikali na magonjwa. Mzee akitafuta neno la mkate anapewa dawa ya minyoo. Akaiacha. Akapata ya wacheza michezo ya maneno, yenye vijineno ambavyo hakuna binadamu amewahi kuvitamka mezani. Akapata nyingine iliyokusanywa kutoka kwenye maandishi ya filamu, maneno yamepangwa kwa wingi wa kutumika kwake, na nusu ya yaliyo juu yalikuwa matusi. Hata orodha za wezi wa nywila alizifungua, zile wanazozitumia kubahatisha siri za watu. Zilizofaa, pamoja na ile ya kwanza, zilikuwa na tabia moja: zimeacha majina. Ya watu, ya miji, ya lugha, hayakuwemo. Waya hakuona ubaya.

Mwisho akaamua kutengeneza yake. Alichanganya tatu, akaondoa yaliyojirudia, akaondoa matusi na kemikali, kisha akapita neno kwa neno kubadilisha kila lililoandikwa Kimarekani. Alifanya hivyo ofisini wakati wa chakula, akafanya hivyo chumbani mwa mgonjwa akiwa amekipa kitanda mgongo. Kila baada ya siku kadhaa alikuwa akijaribisha toleo jipya, na kila mara mzee alikodoa macho. Waya akawa anazidisha ukali wa kuchambua. Baba alikuwa msahihishaji. Ilikuwa haki yake kukataa kazi mbovu, na Waya alitaka mara moja tu katika maisha yake apeleke kwa Kalamu Nyekundu kazi isiyo na alama.

Niseme ukweli wake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuficha baadaye. Kazi ile ilimpendeza. Maneno yalikuwa mengi na yalimtii, ukiliondoa moja linaondoka. Nyuma ya mgongo wake alikuwepo mtu ambaye shingo ilikuwa ikizidi kuwa nyembamba, ambaye mate yalilazimu kufutwa, na ambaye Waya alimpenda kiasi kwamba hakuweza kumtazama kwa muda mrefu. Ilikuwa rahisi zaidi kutazama maneno.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mama alimwambia siku moja, akimpitia na beseni. "Njoo basi umshike hata mguu."

"Nakaribia kumaliza, Mama."

"Gumba linakonda, Waya."

"Nakaribia."

Alimaliza Jumamosi. Alifika asubuhi, amenyoa, akaipakia orodha yake na kukigeuza kioo kwa mbwembwe.

"Baba, hii sasa ni ya Kiingereza chako mwenyewe. Nenda popote, hutakuta Mmarekani hata mmoja."

Mzee alikitazama kioo. Akamtazama mwanawe. Macho yakakodoka, yakabaki hivyo, na machozi yakaanza kutoka pembeni. Mama akayafuta kwa kitambaa, kisha akasimama na kile kitambaa mkononi, uso wake wa mtu anayeogopa kuchekwa.

"Waya, nikuulize jambo la kijinga. Hayo atakayoyaandika, mimi nitayasomaje?"

"Nitakutafsiria."

"Utanitafsiria." Alilirudia neno taratibu. "Baba yako aniambie mimi habari za kaburi lake, halafu wewe mtoto unitafsirie? Huyu hajawahi kuniambia kitu kwa Kiingereza tangu aje kunitongoza. Kwa nini aanze leo?"

Waya alikaa na mikono juu ya kibodi. Mambo yote aliyofanya yakamrudia kwa mpigo: mlio ule wa kukataa, herufi zile zilizogomewa, siyo maneno haya. Akakumbuka kwamba hata neno lenyewe, Kiswahili, halikuwemo kwenye orodha yoyote kati ya zile, kwa hiyo baba yake asingeweza kuliomba hata kama angetaka. Alimfungia mzazi wake ndani ya chumba na akatumia wiki kadhaa kupaka rangi mlango.

"Baba," alisema. "Ulikuwa unataka Kiswahili?"

Mzee alifumba macho. Aliyafumba kwa muda mrefu hata wakadhani amelala.

Mnajua Waya alifanya nini? Alifungua mtandao.

"Unafanya nini sasa?" mama aliuliza.

"Natafuta orodha ya Kiswahili."

"Acha." Hakuwahi kumpigia mwanawe kelele tangu alipokuwa mtoto, na sasa hakupiga kelele, alimwekea mkono begani tu. "Acha, baba. Maneno anayo."

Waya akaifuta ile kazi yake yote, hata neno moja halikubaki, akaifungua programu, zikabaki herufi tupu na mwanga unaopita. Akavua viatu, akaketi kitandani upande wa miguu, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akaushika ule mguu. Ulikuwa baridi na mwepesi.

Gumba lile halikuwa tena gumba la siku ya mto na redio. Mwanga ulipita mara nyingi kabla halijaweza kubonyeza mara moja, na mara nyingine lilichelewa likashika herufi ya pili yake, ikabidi aifute na kungoja mzunguko mpya. Mchana ukaja na chakula hakikuliwa. Herufi zikajipanga moja moja, na mama akawa anazisoma kwa kunong'ona kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka neno likatimia naye akalitamka lote.

"Karibu," alisema, akaweka mkono mdomoni. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kuandikiwa na mumewe.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili ndipo likaja neno la pili, fupi, herufi mbili tu. Karibu na.

Wakangoja. Mwanga ukapita juu ya herufi, ukarudi, ukapita. Gumba halikucheza. Waya aliona mshipa wa shingo ya baba yake unavyohangaika, na kidole kimetulia tu, kama si cha mtu yule. Mwanga ukapita tena.

Mama aliinama. Swali lilikuwa mdomoni, la maneno matatu: karibu na mimi? Angeuliza, mzee angefumba macho, na pale pale jambo lingekwisha. Waya alimwona anavyolimeza.

"Pumzika, Baba Waya," alisema. "Umefanya kazi kubwa. Utamalizia kesho."

Asubuhi walimkuta anachemka, kifua kinakoroma. Wakampeleka hospitali. Alikufa kabla ya saa za kuona wagonjwa, bila kufumbua macho.

Baba Mkubwa alifika siku ileile. Kabla hajaingia, Waya alikuwa amejifungia chumbani na kile kitanda kilichovuliwa shuka. Kompyuta ilikuwa bado inawaka, mwanga bado unapita juu ya herufi, na yale maneno mawili yako juu ya kioo, yameishia hewani. Aliyatazama sana. Kisha akaivuta kibodi na kuandika mengine mawili, kwa mikono yake yote miwili, kwa kufumba na kufumbua: mke wangu. Akaweka na nukta.

Akaenda kuwaita.

Baba Mkubwa alivaa miwani, akasoma. Alisoma tena, midomo ikicheza. Alipoivua miwani macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu na mke wangu," alisema. "Na huyu wa hapa ndiye mke wake, yule Mungu alishamchukua zamani. Basi. Kauli imefuta kauli. Shemeji, nilikuahidi, na sirudi nyuma. Ngoja niwapigie nyumbani wasichimbe." Akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Mama alikuwa hajasogea kutoka mlangoni. Alikuwa akimtazama Waya, na Waya akatazama kitanda.

"Shemeji, subiri kwanza," mama alisema. "Waya. Futa."

"Mama—"

"Nilikuwepo. Nilikaa pale mpaka jua likazama. Futa uliyoandika wewe, acha yake."

"Mama, ndicho alichotaka kusema! Unajua ndicho alichotaka!"

"Sijui," alisema, na hapo ndipo sauti ilipovunjika. "Hilo ndilo tatizo langu, mwanangu, sijui. Na wewe hujui. Umeshammalizia maneno yake vya kutosha."

Baba Mkubwa alisimama na simu mkononi. "Shemeji, mimi nimeshakubali. Nani atauliza?"

"Nakushukuru, shemeji. Lakini yeye hakusema."

Waya alibonyeza kitufe cha kufuta. Nukta ikaondoka kwanza, kisha herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka yakabaki yale mawili ya mzee. Karibu na. Alilia kwa sauti, mtu mzima na funguo zake kiunoni, na Baba Mkubwa akamshika kichwa akakiegemeza kwenye koti lake.

Walimzika nyumbani, ndani ya yale mawe, kando ya msichana ambaye hakuna kati ya waliokuwepo, ukimtoa Baba Mkubwa, aliyeikumbuka sura yake. Mama alitupa udongo wake kama wengine. Alishukuru watu, akala alichopewa, na watu wa kule wakasema kwamba mjane huyu ana moyo. Upande wa pili wa kaburi lile hapakuwa na nafasi. Palikuwa na mwamba.

Wakati wa kurudi, Waya aliendesha gari na mama alikaa kiti cha mbele, mikoba mapajani. Walikwenda mbali. Kisha Waya, ambaye kwa wiki zile zote maswali yake mengi aliyapeleka kwa kompyuta, akapunguza mwendo.

"Mama. Wewe ungependa kulala wapi, siku yako?"

Mama aliteremsha kioo cha dirisha, akapandisha, akateremsha.

"Ona lilivyo rahisi," alisema. "Umeuliza tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nataka yeye aniambie, Waya. Aniambie njoo. Sasa popote nitakapolala, nitakuwa nimejipeleka mwenyewe."

Waya akaendelea kuendesha gari.